Komeo la Baharini na Komeo la Bara

Sogea karibu kidogo, ndugu msomaji, maana jambo ninalotaka kukueleza linahitaji mikono yangu yote miwili, na huenda nikachora chini kwa kijiti. Kama hujawahi kukaa kwenye trekta, usijali. Mimi mwenyewe nilikaa mara ya kwanza nikiwa nimekwisha kustaafu, na miguu yangu haikufika kwenye pedali mpaka nilipojiwekea mto mgongoni. Na kama wewe ni mjuzi wa trekta, nisikilize pia, kwa sababu utapata mtu wa kumcheka.

Trekta yetu ni ndogo. Watu wanaoiona ikipita njia ya Marafa huniuliza kama bado inakua. Mimi na ndugu zangu tuliinunua ikiwa imeshatumika, ili ilime mashamba ya ukoo wetu nyuma ya Malindi. Ndugu zangu wako Mombasa kazini. Mimi nilikuwa nimemaliza ualimu na sikuwa na shughuli nyingine isipokuwa kuwasahihisha watu, kwa hiyo usukani ukaniangukia.

Sasa tazama hapa. Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya chuma. Miwili iko chini, mmoja kila upande, nayo hupanda na kushuka ukivuta wenzo ulio kando ya kiti. Wa tatu uko juu, katikati. Chombo chochote unachotaka kukifunga hapo, iwe plau ya kulimia au haro ya kuvunjia madongoa, kina pini mbili chini na moja juu. Kazi yako ni kuzikutanisha pini hizo tatu na mikono ile mitatu. Ukisikia hivyo waona ni rahisi. Ni rahisi kama kumvisha mbuzi viatu. Ukiupata mkono wa kwanza, wa pili umekwisha kukimbia. Ukiupata wa pili, huna budi kuisukuma plau kwa nyonga huku umeshika nyundo.

Msimu wa kwanza wote, aliyesimama nyuma kuniongoza alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye boma lake limepakana na letu. Mimi nilikaa kitini nikirudi nyuma, naye alisimama kando ya plau akipunga leso. Taabu ni kwamba shangazi hatumii kulia wala kushoto. Anavijua, lakini haoni vina faida gani. Kwake yeye kuna baharini na kuna bara. Hata chumvi mezani atakwambia uisogeze baharini kidogo.

"Rudi," atasema. "Rudi tena. Sasa mkono wa bara uko juu, na ule wa baharini umepita."

"Shangazi, sema kulia au kushoto."

"Kulia kwa nani? Kwako au kwangu?"

"Kwangu."

"Wewe umenipa kisogo. Kwako nitajuaje?"

"Ni ule mkono wa kulia wali."

"Basi mkono wa kulia wali upeleke baharini."

Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi. Watoto waliokuwa wakichanganya pande niliwafunga uzi mwekundu kwenye mkono mmoja, na baada ya wiki mbili tatu uzi haukuhitajika tena. Na shangazi nikamfunga. Akashukuru, akaufungua, akafungia mfuko wa mbegu za mchicha.

Kilichotokea ni kwamba mwalimu ndiye aliyefundishwa. Mtu akikwambia baharini na bara kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, siku baada ya siku, na trekta inanguruma, hatimaye utamjibu kwa lugha yake ili mmalize kazi. Kufikia palizi nilikuwa nikisema mwenyewe, "Baharini tayari, bado bara," wala sikuona kwamba nimebadilika. Kumbuka hilo, maana huko mbele ndiko lilikonitia aibu.

Msimu ulipokwisha nilikuwa na ukucha mmoja mweusi na plau iliyojaa alama za nyundo. Nikaenda Malindi kwenye duka la vipuri. Mwenye duka ni mzaliwa wa mji ule ule, babu zake walitoka Bara Hindi, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, jambo linaloniudhi kila mara. Alinitolea fremu ya chuma yenye umbo la mlango usio na kizingiti cha chini.

"Hii, mwalimu, mafundi huiita kwiki-hichi," akasema. "Waiona ilivyo? Ina kulabu mbili chini na moja juu. Waifunga kwenye mikono ya trekta mara moja tu, wala huitoi tena. Kisha..."

"Kisha narudi nyuma mpaka kulabu ziingie chini ya pini za plau," nikasema, "nainua, na plau inakaa."

"Naam. Na kuna makomeo."

"Mawili. Nayaona. Moja kila upande. Likiwa juu, kulabu iko wazi. Likiwa chini, pini haitoki."

Akavua miwani. "Mwalimu, basi njoo ukae wewe huku nyuma ya meza, mimi nizunguke huko nikuulize bei."

Nikacheka, naye akacheka, lakini hakuniacha niondoke. Alinipa bushi, vile vipete vinene vya chuma unavyovivisha kwenye pini nyembamba ili zijae kwenye kulabu zisichezecheze. Akanionyesha namna ya kuvivisha. Halafu akasema jambo moja, akilitamka polepole kama ninavyofanya mimi ninapomwona mtoto anatazama dirishani.

"Ukishainua, plau itakaa hata kama komeo hujalifunga. Uzito wake wenyewe utaishikilia. Itakudanganya mpaka shimo la kwanza."

"Nimeelewa," nikasema. Na kweli nilielewa. Watu wengi waliowahi kuharibu vitu walikuwa wameelewa vizuri sana.

Nataka nikwambie ukweli, fremu ile ni kitu chema. Kama una trekta ndogo na huna wa kukusaidia, itafute. Yataka tu uzoee mambo mawili. La kwanza, chombo ukiache mahali tambarare. Mimi mwanzoni nililaza plau juu ya makumbi ya nazi, kwa kuwa huku kwetu chochote kizito kinachoogopewa kutu huwekwa juu ya makumbi. Makumbi hudidimia, tena hudidimia upande mmoja, na asubuhi unakuta plau imelala kiubavu kama mgonjwa, kulabu moja inaifikia na nyingine haifiki. Sasa naiweka juu ya vipande viwili vya mbao. La pili, rudi nyuma polepole, kulabu zikiwa chini kuliko pini. Ukifika, inua. Utasikia ngo, halafu ngo nyingine. Shuka, funga makomeo, basi.

Siku ya kwanza nilipofanya hivyo peke yangu, chai niliyoiacha barazani ilikuwa bado ina moto. Nikaifungua plau, nikaifunga tena, kwa ajili ya raha tu. Nikamwita shangazi aje kuona. Akasimama pale alipozoea kusimama, leso mkononi, akatazama plau ikijinyanyua bila ya yeye kusema neno.

"Sasa mimi nina kazi gani?" akauliza.

"Kazi yako ni kukaa," nikamwambia.

Alikaa, lakini naona hakupenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuvimba kichwa. Huku kwetu kuna mweria. Watu wa nyumba kadhaa hukusanyika na majembe yao, leo wakalima kwako, kesho kwa jirani, kwa zamu, mpaka kila nyumba imelimiwa. Hutoi chochote isipokuwa jasho lako: ukilimiwa, nawe utakwenda kuwalimia wenzako. Zamu yako ukiiacha, unarudi mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari huenda mvua ikawa imekukuta zamani. Shangazi alikuwa katika mweria tangu hajaolewa. Nikamwambia aiache zamu yake. Nikamwambia shamba lake, ambalo ndilo mahindi yake yote ya mwaka, nitalilima kwa siku moja na nusu. Nilimwonyesha hata kwa hesabu, nikachora chini mistari. Aliitazama ile mistari, akanitazama mimi, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake na nilikuwa na furaha kubwa, akakubali.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Mawingu ya mvua ya mwaka yalikuwa yamekaa baharini kwa siku tatu, mazito, hayaondoki wala hayanyeshi. Shangazi alikuwa ametangulia shambani tangu alfajiri na mbegu zake. Mimi nikawasha trekta, nikarudi nyuma kwenye plau, ngo, ngo tena, nikainua. Trekta ilikuwa imeelekea Marafa, kwa hiyo bahari ilikuwa mkono wangu wa kulia. Nikashuka, nikafunga komeo la baharini. Nikawa naizunguka plau kwenda kufunga la bara, nikasikia mtu akikohoa kwa adabu.

Alikuwa mzee jirani yetu, ndiye anayepanga zamu za mweria. Alikuwa akisukuma mkokoteni wa makuti, na mimi na trekta yangu tulikuwa tumeziba njia yote kati ya ua wa minyaa na ukuta wa zizi. Nikamwomba radhi, nikapanda kitini, nikasogea mbele mpaka penye uwazi karibu na mikorosho, nikageuza, nikasimama kando ili apite. Sasa trekta ilikuwa imeelekea Malindi, ndiko njia ya kwenda shamba la shangazi inakoanzia. Tayari kabisa, niliona.

Mzee hasalimiwi kutoka juu ya kiti. Nikazima injini, nikashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Isipokuwa yule mbuzi wenu."

"Mbuzi wetu?"

"Tangu jana yuko kwangu. Naona amechoka kufundishwa."

Tukaenda hivyo, kutoka kwa mbuzi hadi goti lake, kutoka goti hadi mjukuu wake aliyejifungua, kutoka mjukuu hadi paa analotaka kuezeka kabla ya mvua. Salamu za kwetu huwezi kuzikata katikati. Ni afadhali usianze. Halafu akaegemea mkokoteni, akafikia lililomleta.

"Kesho zamu iko wazi. Mwenye nayo amefiwa, amekwenda Rabai. Shangazi yako aliacha yake, najua, lakini mvua hiyo waiona mwenyewe. Nimwekee?"

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye fremu. "Mzee, ahsante, mpe mwingine. Leo jioni nusu ya shamba la shangazi itakuwa imegeuzwa, na kesho adhuhuri limekwisha lote."

"Una hakika?"

"Nimeifunga mwenyewe."

Akaitazama plau, akanitazama mimi, akashika mkokoteni wake. "Haya. Nitampa mama wa mikeka pale mbele." Akaenda zake.

Nikarudi kwenye trekta. Nami si mzembe, ujue. Nilikumbuka kwamba sikumaliza. Nilijiambia kwa sauti, kama nilivyozoea: "La baharini nimefunga. Bado la bara." Nikaenda upande wa bara, nikainama, nikaona komeo limelala chini, limefungwa barabara. Nikashangaa. Nikalivuta, halikutikisika. Nikasema moyoni, tazama, nilifunga yote mawili bila hata kukumbuka, mkono umeshazoea kazi. Nikajisifu. Kwa kweli nilijisifu, mtu mzima, peke yangu kando ya mikorosho. Nikapanda, nikaondoka.

Njia ya kwenda kwa shangazi inakatwa na kijito kikavu. Hakina maji isipokuwa mvua inyeshe, kina mawe tu na kingo mbili zenye mwinuko. Gurudumu la mbele likashuka, likapanda. La nyuma likashuka. Nikasikia ngo, ile ile sauti niliyoipenda, lakini safari hii ilikuwa ngo ya kutoka. Trekta ikayumba. Nilipogeuka, plau ilikuwa imening'inia kwa upande mmoja, imejipinda, na kabla sijaupata wenzo wa kuishusha ikajigonga kwenye jiwe. Sikio la chuma linaloshika pini likakatika, na plau ikalala kijitoni.

Nikazima injini.  Shangazi alikuwa ameona kutoka ng'ambo, akaja akishuka ukingo polepole, mbegu amezifunga kwenye pindo la leso. Akaizunguka plau. Akaitazama fremu. Komeo la upande mmoja lilikuwa chini, na la upande wa pili lilikuwa juu, wazi kama mdomo.

"La baharini hukulifunga," akasema.

"Nililifunga, shangazi. Ndilo nililoanza nalo. Halafu nikaenda kuangalia la bara, nalo limefungwa."

"Ulipolifunga la baharini, trekta ilikuwa imeelekea wapi?"

"Marafa."

"Na ulipokwenda kuangalia la bara?"

"Malindi," nikasema, nikainama kulitazama tena lile komeo lililofungwa.  

"Bahari haikuhama, mwanangu," shangazi akasema. "Wewe ndiye uligeuka."

Kama bado hujaona, usione haya, mimi nilikuwapo na nilihitaji kuambiwa. Nilifunga komeo moja tu. Lilipokuwa likielekea bahari nililiita la baharini. Nilipogeuza trekta, komeo lile lile likaja upande wa bara, nami nikalikagua mara ya pili nikalisifu. La pili halikuguswa na mtu. Kulia na kushoto, ambavyo nilimhubiria shangazi msimu mzima, vingeniokoa, kwa sababu kulia kwa trekta huenda popote trekta iendako. Lakini mimi niliyewafunga watoto nyuzi nilikuwa nimehamia kwa shangazi bila ya kuaga. Naye shangazi mwenyewe asingekosea, kwa kuwa aliyezoea kuhesabu kwa bahari hujua daima amesimama wapi. Kosa lile lilihitaji mtu aliye nusu huku, nusu kule.

Hakunikemea. Alitazama mawingu, akauliza swali moja.

"Kuchomelea itachukua siku ngapi?"

"Tatu. Labda nne."

"Zamu ya kesho ya mweria ni ya nani?"

Nikamweleza. Sikuficha. Nilimwambia kwamba mzee alikuja kumpa zamu, kwamba nilicheka, na kwamba nilisema apewe mwingine. Kila neno lilitoka kama jino. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akafungua fundo la leso, akazitazama mbegu zake, akalifunga tena, akalikaza. Mahindi ya mwaka mzima yalikuwa katika fundo lile. Afadhali angepiga kelele.

"Nenda," akasema. "Kwa miguu ni haraka zaidi."

Nilimkuta mzee kwa yule mama msuka mikeka, wamekaa barazani, mkokoteni uko kando. Aliponiona nahema akasogeza kigoda.

"Mwalimu, umekuja kwa miguu. Trekta imepata likizo?"

Nikasema yote, nimesimama. Yeye na yule mama walisikiliza. Mahali pa kugeuza trekta pakawachanganya, ikabidi nichore chini kwa kijiti, hapa Marafa, hapa Malindi, hapa bahari. Mama wa mikeka akaelewa kabla sijamaliza kuchora. Akajifunika mdomo kwa leso, mabega yakamtikisika.

"Zamu ikishatolewa hairudishwi," mzee akasema, na hapo hakuwa akitania. "Leo nikiirudisha kwa ajili yako, kesho kila mtu atakuja na hadithi ya komeo."

"Najua. Namwombea shangazi, si mimi."

 Aliyesema ni yule mama. "Zamu ni yangu, na shamba langu ni dogo. Waje wawili, yeye na shangazi yake, kesho kukicha, na majembe. Tukimaliza mapema, watu wapite kwa shangazi. Walime watakapofikia."

Mzee akanigeukia. "Mwalimu analima?"

"Analima," nikasema.

"Kwa jembe la mpini?"

"Kwa jembe la mpini."

"Uliangalie kabla hujaondoka nyumbani," akasema. "Pande zote mbili."

Asubuhi ile sitaisahau. Tulikuwa watu kama ishirini. Kila aliyefika alikuwa ameshasikia, na kila mmoja alitaka kujua kama jembe langu limefungwa. Mmoja aliniomba nimwelekeze bahari iko wapi. Shangazi alilima mbele yangu bila haraka, mistari yake imenyooka, na kila nilipojaribu kumfikia nilimwona amekwisha kugeuka anarudi. Malengelenge yalinitoka kabla ya saa tatu. Nilikuwa nimesahau kwamba jembe huushika mkono wako zaidi kuliko wewe unavyolishika. Hata hivyo nataka kukwambia kwamba ilikuwa asubuhi nzuri, nikaona kwa nini shangazi alinitazama vile nilipomwambia aiache kazi hii.

Adhuhuri kasoro tulimaliza kwa mama wa mikeka, tukaenda kwa shangazi sote. Tukalima kuanzia ukingo wa kijito kwenda juu. Alasiri upepo ukageuka, na matone ya kwanza yakatukuta katikati ya shamba, pale penye mkorosho mmoja. Hakuna aliyeondoka mara moja. Walilima mpaka udongo ukaanza kuganda kwenye majembe, kisha wakaweka majembe begani wakaenda makwao. Shangazi akabaki akipanda, ameinama, maji yanamchuruzika mgongoni, nami nikimfuata nyuma nikifukia mbegu kwa mguu.

Nusu ile ya chini ilipandwa siku ile. Nusu ya juu ilingoja. Plau ilirudi kutoka kwa fundi siku ya nne, ikiwa imeongezwa chuma kwenye sikio, lakini ardhi ilikuwa tope na trekta isingeingia bila kuzama. Nililima nusu ile siku kumi baadaye, na shangazi akapanda.

Kwa hiyo mwaka ule, kila aliyepita njia ile aliona shamba lenye mstari katikati kama lililokatwa kwa rula. Chini, mahindi yalifika kifuani. Juu, yalifika gotini, na mvua ilipokatika mapema hayakuendelea sana zaidi ya hapo. Nusu ya jembe ilimpa shangazi chakula. Nusu ya trekta iliwapa mbuzi majani, na wetu alikuwa wa kwanza. Watu waliponiuliza kwa nini mstari umenyooka vile, nilijibu kwamba mimi ni mwalimu.

Shangazi hajawahi kuniambia niiuze trekta. Msimu uliofuata alisema tu, "Wewe ulime. Mimi nabaki na zamu yangu." Nami nikaingia katika mweria. Sasa trekta hulima mashamba makubwa ya juu, na watu wa mweria hulima pale nilipochelewa. Nikichelewa, mzee hunitangaza mbele ya watu.

Ama kuhusu makomeo, nimejaribu njia nyingi. Nilipaka moja rangi nyekundu na jingine nyeupe, nikasahau nyekundu ina maana gani. Niliandika orodha nikaibandika kwenye usukani, jua likaifuta. Njia iliyonifaa ni ile isiyonitaka nikumbuke chochote, wala baharini wala bara, wala kulia wala kushoto. Fremu si pana, na mtu mwenye mikono ya kawaida anaifikia pande zote mbili kwa pamoja.

Basi wewe fanya hivi. Ukishainua chombo na ukayafunga makomeo, kishushe tena kikae chini, uzime injini na utoe ufunguo. Simama nyuma ya fremu, nyoosha mikono yote miwili, na ushike komeo hili na lile kwa wakati mmoja. Yasukume yote mawili chini, halafu uyavute juu kwa nguvu; yasipotikisika, yamefunga. Mtu akifika kukusalimu kabla hujamaliza, mwitikie, zungumza naye mpaka mwisho, kisha uanze tena mwanzo: shika yote mawili pamoja, sukuma, vuta, ndipo upande kitini.